Ya Moto au ya Baridi? Bia Nyeusi ya Chios Mezani

Bia ya kwanza ya Chios, kisiwa cha Ugiriki, niliyoonja niliimwaga kwenye sinki. Saa sita usiku ilikuwa imepita, jiko tumeshalisugua, na mwenye taverna (mgahawa wa Kigiriki), mama wa makamo ambaye sote tulimwita kiria, akaniwekea chupa moja mkononi. "Onja, kesho uniambie tuiuze na chakula gani." Ilikuwa imelala kwenye friji la soda kutwa nzima. Nikafungua, nikapiga funda. Majivu. Majivu yaliyolowekwa kwenye maji ya bomba la chuma. Nikajisemea, hawa watu wameunguza shayiri yao, wakaona hasara kuitupa, wakaitia kwenye chupa.

Kesho yake nikamwambia kiria bia ni nzuri sana. Nilikuwa mgeni kazini, na mgeni hasemi ugali haujaiva. Akanishika mkono hadi kwenye sinki, akanionyesha doa la kahawia kwenye weupe wake, akanipa chupa ya pili.

Mimi ni mzaliwa wa Kibosho, chini ya Mlima Kilimanjaro. Babu yangu upande wa mama alipalilia kahawa kwenye shamba la Mgiriki, maana enzi za ukoloni Wagiriki walikuwa wengi kwenye mashamba ya kahawa na katani kule kaskazini, lakini kilichonileta Athens hakihusiani na babu. Nilifuata kazi. Nikapanga chumba Kypseli, mtaa ambao jina lake kwa Kigiriki ni mzinga wa nyuki, na ukipita Fokionos Negri jioni ya kiangazi huulizi kwa nini. Pale taverna nilianza na kumenya viazi, nikapandishwa kwenye mkaa, na kwenye mkaa nikakaa. Bia haikuwa fani yangu. Nilijua bia za manjano, zile za kukata kiu, basi.

Na Ugiriki yenyewe ni nchi ya divai. Bia iliingia kwa mlango wa ikulu: Otto, kijana wa Bavaria, aliletwa mwaka 1833 kuwa mfalme, na Wabavaria waliokuja nyuma yake hawakuwa watu wa kukaa na koo kavu. Ukoo wa Fix, wenye asili ya huko huko, ukatengeneza bia iliyoshika nchi kwa vizazi. Kiwanda chao cha zamani barabara ya Syngrou siku hizi ni makumbusho ya sanaa ya kisasa, na kituo cha metro cha hapo kinaitwa Syngrou-Fix. Nimeshuka pale mara nyingi nikidhani Fix ni jina la mtaa. Viwanda vidogo vinavyotengeneza bia zenye ladha zake ni vya juzi juzi tu: Septem, kisiwani Evia, walianza 2009 wakazipa bia zao majina ya siku za wiki, Santorini wakaja watu wa punda mwaka 2011, wana Punda wa Njano, Punda Mwekundu na Punda Kichaa. Huyo kichaa nilimpenda kwa jina kabla sijamwonja.

Ya kwetu ilitoka Chios, kisiwa kilicho jirani zaidi na Uturuki kuliko na Athens, wanakogema mastiha, utomvu wa mti wenye harufu ya kama ubani. Lebo yake imeandikwa Smoked Robust Porter, yaani ni porta, aina ya bia nyeusi, nzito na yenye moshi ndani. Haichujwi wala haipasteurishwi, yaani haipitishwi kwenye joto la kuua vijidudu, kwa hiyo chini ya chupa utakuta mashapo ya hamira. Kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, cha bia ya kawaida hukaushwa kwa hewa moto safi. Kimea cha moshi huanikwa juu ya kuni zinazowaka, na moshi ukaingia kwenye ganda ukakaa. Mjini Bamberg, Ujerumani, hawajawahi kuiacha desturi hiyo. Halafu porta yoyote huongezwa kimea kilichokaangwa kama buni, na hapo ndipo weusi unapotoka, na ile ladha ya kahawa na chokoleti chungu, ingawa ndani hamna kahawa wala chokoleti.

Haya yote niliyajua baadaye. Usiku ule wa chupa ya pili nilijua tu kwamba kiria ananitazama.

Nikamimina nusu kwenye glasi, nikanusa, sikupata kitu. Nikaonja: majivu yale yale, safari hii nikayameza. Akaitwa kwenye simu. Nami nikaona nisikae bure, nikachukua dekio nikapiga sakafu yote mpaka stoo, nikatoa taka, nikahesabu makaa ya kesho. Niliporudi glasi ilikuwa pale pale kwenye kaunta, povu limekufa, ukungu wa nje ya kioo umekauka. Nikainua nikamalizie tu niioshe.

Ilikuwa bia nyingine. Naapa nilitazama chupa kama kuna mtu kabadilisha. Kahawa ilikuja kwanza, kahawa ya kukaangwa nyumbani kwenye kikaango cha chuma, kisha utamu mzito wa sukari iliyoanza kuungua, na nyuma kabisa, wakati funda limeshapita kooni, moshi. Si moshi wa gari, wala wa takataka. Moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na bomba, ule unaokaa kwenye nywele hadi Jumapili.

Kumbe kosa lilikuwa baridi. Ulimi uliopoa hausikii utamu vizuri, na harufu haipandi kutoka kwenye kinywaji kilichoganda. Kinachobaki ni uchungu na gesi, na uchungu wa kimea kilichokaangwa ukisimama peke yake ni majivu matupu. Keshoye nilichukua kipimajoto cha nyama nikakitumbukiza kwenye glasi kila baada ya muda. Kwenye nyuzi 4 haisemi. Kwenye nyuzi 8 inaanza kunong'ona. Kati ya 11 na 13 inaongea yote. Ikipita 16 kilevi kinatokeza kichwa na utamu unachosha.

Nikacheka peke yangu, maana kwetu swali hili ni la kila baa. Ukiagiza bia, mhudumu hajauliza kingine: "Ya moto au ya baridi?" Ya moto maana yake haijaingia friji. Sisi vijana tuliwacheka wazee wa ya moto, tukidhani ni meno yao mabovu au friji wamelizoea ukubwani. Baba yangu mdogo alikuwa anakunywa bia nyeusi ya moto, polepole, chupa moja tangu alasiri hadi magharibi. Nilikuja kumkubali nikiwa nimesimama kwenye jiko la Mgiriki na kipimajoto cha nyama.

Baada ya hapo nilidhani nimeshaielewa, nikaanza kuharibu.

Kiria alitaka orodha ya vyakula vitano vya kwenda na bia ile. Cha kwanza niliweka saladi ya kijijini, nyanya na matango na bonge la feta juu, kwa sababu ndiyo inayoagizwa kila meza. Nilifikiri chumvi ya jibini itapunguza uchungu, na chumvi kweli hupunguza uchungu. Lakini feta haina chumvi tu, ina uchachu, na nyanya ina uchachu wake, na kimea kilichokaangwa nacho kina uchachu wake uliojificha. Vitatu vikikutana kinywani vinatoa ladha ya sarafu. Cha pili pweza wa mkaa, aliyemiminiwa ndimu na siki. Sarafu tena. Cha tatu kilikuwa changu mwenyewe: mabawa ya kuku niliyoyapaka pilipili kichaa, nikitaka kuwaonyesha Wagiriki kitu. Pilipili na kilevi na gesi na uchungu ni ndugu wanaochocheana. Mteja mmoja aliomba maziwa.

Kiria hakunigombeza. Yeye alikuwa na tabia ambayo nimeiiba: hakumwuliza mteja "Vipi, chakula kizuri?" kwa sababu mteja atasema kizuri hata akiwa anakufa. Alisimama mlango wa jikoni akisoma vyombo vinavyorudi. Sahani iliyopanguswa kwa mkate, nzuri. Glasi iliyobaki vidole viwili, mbaya. Wiki ile glasi za porta zilirudi nusu, na sahani zikarudi tupu, maana watu walikula chakula wakaiacha bia. Hapo unajua ni nani aliyemkosea mwenzake.

Kilichonitoa gizani ni soseji. Loukaniko ya mtaa ule ilikuwa ya nguruwe, ndani ina ganda la chungwa na liki, na mimi mchomaji nilikuwa na haki ya kula zilizopasuka. Nikiwa nakula moja nikashushia na porta iliyosahauliwa kaunta, na hakuna aliyezungumza kinywani bila mwenzake. Mafuta ya soseji yaliufunika ulimi, gesi ya bia ikayafagia. Ganda la soseji lililoungua kidogo lilikutana na kimea kilichoungua kidogo kikasema "aa, kumbe ni wewe." Chungwa likatokeza kwenye bia kitu ambacho sikuwa nimekionja, kama zabibu kavu. Nikala ya pili, ambayo haikuwa imepasuka.

Kuanzia hapo niliacha kufikiria mapishi yanaitwaje, nikaanza kuuliza swali moja tu: moto umekifanya nini chakula hiki? Paidakia, zile mbavu za mwanakondoo zinazochomwa hadi mafuta yake yanawaka: ndiyo, tena kuliko soseji, ila ndimu ikae pembeni ya sahani, asiikamue mtu kabla hajaonja. Graviera ya Krete iliyokomaa, jibini gumu lenye utamu wa njugu: moto haujaligusa, lakini ukilikaanga kwa mafuta mpaka linapata ngozi ya kahawia ni jambo jingine kabisa. Samaki wa kuchemsha: hapana, wala usijaribu, bia inammeza na miba. Yule pweza nilimrudia bila ndimu wala siki, mkaa na mafuta ya zeituni tu, na akakubali. Chumvi ya bahari chini ya moshi si kitu kibaya. Hata hivyo kiria alikataa kumweka kwenye orodha. Alisema Mgiriki ukimletea pweza bila ndimu atainuka akaitafute mwenyewe jikoni.

Stifado ilinipa somo la upande. Ni nyama ya ng'ombe na vitunguu vidogo vizima, mdalasini na siki kidogo, inachemka taratibu kwa saa nyingi. Ya siku ya kwanza uchachu wake bado uko juu, haipatani. Ya jana, iliyopashwa moto, vitunguu vimeyeyuka, utamu umeshuka chini, inapatana vizuri mno. Nikaona basi niimalize kazi, nikamimina chupa mbili za porta ndani ya sufuria badala ya divai. Mchuzi ulipokauka uchungu ulibaki wote, maana maji na kilevi hupaa, uchungu wa hopsi, yale maua machungu yanayotiwa kwenye bia, haupai. Sufuria zima la kilo sita. Tulikula sisi wafanyakazi siku mbili, na jamaa wa Bangladeshi aliyekuwa akiosha vyombo akanipa jina ambalo sitaliandika.

Kosa jingine ni dogo lakini lilikula pesa. Mwezi wa saba niliweka boksi zima karibu na tanuri kwa kukosa nafasi. Bia isiyopasteurishwa haivumilii joto. Zile chupa zilipofunguliwa mwezi wa nane zilikuwa na ladha ya boksi lililonyeshewa mvua, lile karatasi lake la kahawia, na utamu uliochuja. Hazikuwa zimeoza, zilikuwa zimezeeka. Tangu hapo chupa zangu husimama wima, gizani, mahali pa baridi, na nikimimina naacha kidole kimoja cha mashapo chini, isipokuwa kama mnywaji anayataka.

Nimesema habari ya moshi wa jiko lisilo na bomba. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa mpika mbege, pombe ya ndizi ya sisi Wachaga. Ndizi mbivu zilichemshwa kwenye pipa hadi zikawa nyekundu, zikaachwa zichachuke, zikachujwa. Kando yake ulezi uliooteshwa, ukaanikwa, ukasagwa, ukapikwa uji, na huo uji ndio uliochanganywa na maji ya ndizi. Kimea, kwa maneno mengine. Na ili utamu usizidi, kulikuwa na gome la msesewe, chungu kama kwinini, linalofanya kazi ile ile ambayo Wazungu wameipa hopsi. Wakati kiria ananieleza bia inavyotengenezwa, akichora kwenye karatasi ya mezani, mimi nilikuwa nakwenda mbele yake hatua moja moja, nikimalizia sentensi zake. Akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia kwa bibi, akadhani natania.

Bibi ndiye aliyenifundisha kuonja, ila wakati ule niliona ni adabu tu. Mpika mbege huonja kwanza mbele ya watu, wajue hamna kitu ndani. Lakini hakupiga funda kubwa. Alipuliza povu la ulezi pembeni ya kata, akaingiza pua, akatulia. Kisha funda dogo, akalizungusha. Kisha akatafuna kipande cha ndizi au nyama, akaonja tena. Ni mara ya pili ndiyo aliyotolea hukumu. Nilipoanza kuwafundisha wahudumu wa taverna, niliwafundisha hivyo hivyo: nusa, onja, kula, onja. Ya kwanza inakuambia bia ikoje peke yake, ya pili inakuambia kama ina rafiki. Glasi nayo iwe yenye tumbo na mdomo uliobana kidogo, harufu isitoroke. Kikombe cha bia kipana kinaifukuza yote hewani.

Melomakarona zilikuja na Krismasi. Ni biskuti zinazochovywa kwenye asali, zina chungwa, mdalasini, na karafuu ambazo sikumwuliza kiria zimetoka wapi. Juu kuna kokwa za mjozi zilizosagwa. Wote tuliamini bia si ya vitu vitamu. Lakini porta hii yenyewe si tamu kupita kiasi, na uchungu wake unaikata asali mahali hasa ambapo asali inataka kuchosha. Ni kama kahawa chungu ya kwetu ya pwani na kashata, asiyejua nani? Hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kurudi na glasi tupu kila meza.

Sasa ya ndizi.

Jumapili moja mwezi wa nne tulikutana kwenye paa la jengo langu Kypseli, Watanzania saba, mmoja wao mzee aliyeshuka melini Piraeus ujanani akabaki. Mbuzi nilimnunua soko la Varvakios, mguu na mbavu, nikamtia chumvi tu. Ndizi mbivu zile kubwa nilizipata kwenye duka la Mnaijeria mtaani, nikazilaza kwenye mkaa na maganda yake mpaka yakawa meusi. Bia nilileta kumi na mbili za Chios, nikaziacha kwenye ndoo kivulini.

Mzee akatazama ndoo. "Hamna barafu?"

"Hizi ni za moto, mzee."

"Wewe mtoto wa nani?" Akachukua moja.

Mbuzi na porta vilikwenda kama nilivyotarajia, sina la kuongeza. Nilichokuwa sijakitarajia ni mzee alipofika kwenye ndizi. Aliipasua ganda, akala kipande kikiwa na masizi yake, akapiga funda, akaacha kutafuna. Akanitazama. Akala tena, akanywa tena.

Nikafanya kama yeye. Utamu wa ndizi iliyoungua, kimea, uchungu nyuma, moshi juu ya vyote. Nikajua ninachokionja kabla sijakimeza, na nikajua naye amekijua, kwa sababu yeye ni mtu wa Machame.

"Mbege," akasema.

Siku ya Jumanne nilimpelekea kiria ndizi moja ya mkaa na glasi kwenye nyuzi 12. Alinusa, akaonja, akala, akaonja. Akaniuliza chakula hiki tukiandikeje kwenye orodha, kwa Kigiriki. Tulikaa nalo swali hilo hadi wateja wa kwanza wakaingia. Mwisho akaandika tu "ndizi, mkaa", na jioni hiyo akasimama mlangoni kusoma glasi zinazorudi.